Picha ya kifua: kwa nini hata asiyekohoa anaitwa

Siku hizi vikundi vingi vya kujisaidia vinaletewa habari na wahudumu wa afya ya jamii, ati siku fulani kutakuwa na hema la kupiga picha za kifua pale sokoni au kwenye uwanja wa shule. Maswali yanayotufikia baada ya hapo ni karibu yale yale. Mbona tupigwe picha na hatukohoi? Ni kweli picha inasomwa na kompyuta bila daktari kuwapo? Miale ile haitamdhuru mama mwenye mimba? Na wako waliotuuliza kama kikundi chaweza kukopa pesa kinunue mashine yake, kiwe kikilipisha watu kama vile wanavyolipisha kwa mashine ya posho. Hilo la mwisho tutalijibu, lakini hebu tuanze na la kwanza, maana ndilo lenye uzito.

Zamani tulifundishwa, na sisi wenyewe tuliwafundisha wengine, kwamba dalili ya kifua kikuu ni kukohoa majuma mawili na zaidi, kutoka jasho usiku, homa na kukonda. Mafundisho hayo si ya uongo. Mtu mwenye dalili hizo aende hospitali leo, asingoje hema. Lakini mwaka 2016 serikali ya Kenya ilikamilisha uchunguzi mkubwa wa TB nchi nzima. Watu wazima 63,050, wa miaka 15 na zaidi, walishiriki. Kila mmoja aliulizwa dalili na akapigwa picha ya kifua, kisha wale walioonekana na shaka walipimwa makohozi. Waliothibitishwa kuwa na TB walikuwa 305. Wataalamu walipopiga hesabu kwa nchi nzima walipata watu 558 katika kila watu wazima 100,000. Ukitaka kuielewa hesabu hiyo kwa macho ya kijijini, chukua lokesheni yenye watu wazima 10,000: hapo wangekuwa karibu watu 56.

Sasa sikiliza hili. Kati ya wale waliothibitishwa, waliosema wamekohoa zaidi ya majuma mawili walikuwa asilimia 48 tu. Yaani kama wangeuliza habari ya kikohozi peke yake, zaidi ya nusu ya wagonjwa wangerudishwa nyumbani wakiambiwa wako salama. Lakini picha ya kifua ilionyesha kasoro kwa asilimia 88 ya wagonjwa hao. Hii ndiyo sababu asiyekohoa anaitwa. Ugonjwa huanza kuula mfuko wa pumzi polepole, na mtu anaendelea kulima, kuchunga na kuendesha boda boda huku akiwapa wengine viini bila kujua.

Kuna jambo lingine katika uchunguzi ule ambalo kwa maoni yetu lingepaswa kusomwa katika kila baraza la chifu. Miongoni mwa wagonjwa waliokuwa na dalili, karibu 65 katika kila 100 hawakuwa wamekwenda kutafuta matibabu popote. Na wanaume walikuwa wengi kuliko wanawake, zaidi ya mara mbili. Akina mama wanaosoma ukurasa huu hawatashangaa. Mwanaume wa kwetu atasema ni vumbi, ni sigara, ni baridi ya asubuhi, mpaka siku ya kubebwa.

Picha inavyoonyesha

Miale ya eksirei iligunduliwa na Wilhelm Conrad Röntgen huko Würzburg, Ujerumani, Novemba 8, 1895. Kabla ya mwaka ule kwisha alikuwa amepiga picha ya mkono wa mke wake, mifupa yote ikaonekana, na pete pia. Röntgen hakutaka kuuweka ugunduzi wake chini ya haki yake peke yake ili alipwe, na kwa sababu hiyo ulienea upesi sana duniani.

Jinsi inavyofanya kazi si vigumu kueleza. Miale hupita mwilini kama mwanga unavyopita katika kitambaa. Kitambaa chepesi kinapitisha mwingi, kizito kinazuia. Mfupa ni mzito, huzuia miale, basi kwenye picha unatokea mweupe. Mapafu yamejaa hewa, miale inapita bila taabu, basi yanatokea meusi. TB inapokula pafu, mahali pale panajaa usaha na makovu, na weupe unaanza kuonekana pasipopaswa, mara nyingi kule juu karibu na bega. Wakati mwingine panatokea tundu kabisa. Msomaji wa picha anatafuta hayo: weupe mahali pa weusi, na tundu mahali pasipo na tundu.

Mtaona basi kwamba picha haioni viini vya TB. Inaona uharibifu. Na uharibifu unaweza kuletwa na nimonia, na saratani, na kovu la TB uliyopona miaka kumi iliyopita. Kwa hiyo mtu akiambiwa picha yake ina shaka, hajaambiwa ana TB. Ameambiwa atoe makohozi yapimwe. Tunalirudia neno hili kwa sababu tunajua jinsi habari zinavyotembea kijijini: mtu anatoka hemani na kikaratasi, na kabla hajafika nyumbani jirani wameshaanza kuficha vikombe.

Na makohozi yenyewe yapimwe kwa mashine ya GeneXpert, ikiwa ipo. Katika uchunguzi wa 2016, darubini ya kawaida iliwaona asilimia 46 tu ya wagonjwa, lakini Xpert iliwaona karibu asilimia 78.

Kompyuta inayosoma picha

Shida ya nchi zetu haikuwa mashine peke yake, ni msomaji. Madaktari waliosomea kusoma picha ni wachache na wengi wako mijini. Picha inapigwa Jumatatu, inasomwa juma lijalo, na mgonjwa ameshakwenda zake. Hapo ndipo utafiti wa miaka ya karibuni umeleta mabadiliko.

Mafundi wa kompyuta wamechukua picha nyingi mno za vifua, za wagonjwa na za wazima, wakaionyesha kompyuta moja moja mpaka ikajifunza tofauti. Wengine wanaita akili bandia. Ukiipa picha mpya inakupa jibu kwa dakika chache au chini ya hapo: namba, kwa kawaida kati ya 0 na 100, na alama za rangi mahali penye shaka. Namba kubwa, shaka kubwa.

Je, inasoma vizuri kama mtu? Mwaka 2021 ulitolewa utafiti kutoka Dhaka, Bangladesh. Picha za watu 23,954 zilisomwa na madaktari watatu wa huko, na pia na programu tano tofauti. Jibu la kweli lilijulikana kwa kipimo cha makohozi cha Xpert. Programu zote tano ziliwashinda wale madaktari. Tena watafiti walikuta kwamba kwa kutumia programu hizi kuchagua nani apimwe makohozi, vipimo vya Xpert vingeweza kupungua kwa nusu na bado zaidi ya wagonjwa 90 katika kila 100 wakaonekana. Kwa zahanati ambayo vifaa vya kupimia humwishia kabla ya mwisho wa mwezi, hiyo ni habari kubwa. Mwaka huo huo wa 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza programu za namna hii zitumike kusoma picha mahali pa mtu katika kuchunguza TB, kwa watu wa miaka 15 na zaidi.

Lakini msidhani kompyuta ni mganga asiyekosea. Katika utafiti ule ule wa Dhaka ilifanya vibaya zaidi kwa wazee, na kwa watu waliowahi kuugua TB, kwa sababu ya makovu. Kwa hiyo ukiulizwa kama uliwahi kutibiwa TB, sema kweli. Usifiche kwa aibu, maana jibu lako litabadilisha jinsi picha yako inavyoeleweka. Pia ile namba haijikati yenyewe. Ni binadamu anayeamua kwamba kuanzia hapa mtu apimwe makohozi. Wakiiweka chini, watu wengi wazima watasumbuliwa bure. Wakiiweka juu, wagonjwa watawapita. Kikundi chenu kina haki ya kuwauliza wenye hema wamekata wapi, na kwa nini.

Mashine nazo zimekuwa ndogo. Ile ya Fujifilm ya kubeba mkononi ina uzito wa kilo 3.5, haijafika paketi mbili za unga, na inatumia betri. Ndiyo maana inaweza kuletwa mahali ambapo stima haijafika.

Haya mambo ya kuwafuata watu na mashine si mapya, tusidanganyane. Mwaka 1957 mji wa Glasgow huko Scotland ulipiga picha za kifua za watu zaidi ya 700,000 kwa majuma matano tu, kwa magari yaliyozunguka mitaani, na waliopigwa walipewa beji za kuvaa. Baadaye nchi nyingi ziliacha, maana ni kazi ya gharama, na mwaka 1974 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walishauri iachwe. Lakini watafiti waliorudi kuzipitia hesabu za Glasgow, wakatoa matokeo yao mwaka 2024, walikuta kwamba baada ya juhudi ile TB ilipungua kuliko ingalivyopungua yenyewe, na upungufu ule ukadumu.

Hofu ya miale

Hofu hii ina asili yake. Wale wa kwanza walioichezea eksirei bila kujikinga waliumia vibaya. Clarence Dally, msaidizi wa Thomas Edison kule Marekani, aliiweka mikono yake mbele ya miale mara nyingi mno, ikaungua, ikakatwa, naye akafa mwaka 1904. Lakini alikaa kwenye miale miaka. Picha moja ya kifua ya siku hizi ni kidogo sana, sawa na miale ambayo kila mtu huipata kutoka ardhini na angani kwa siku chache, au kumi hivi ukihesabu sana. Anayepaswa kuwa mwangalifu zaidi ni mwendesha mashine, anayefanya kazi hiyo kila siku.

Mama mwenye mimba, au anayedhani huenda anayo, aseme kabla ya kupigwa. Picha ya kifua hailengi tumbo, na inaweza kupigwa kukiwa na haja, huku tumbo likifunikwa. Lakini uamuzi huo ni wa mhudumu pamoja naye, si wa kunyamaza na kubahatisha. Ile picha ya kumtazama mtoto tumboni, ya ultrasaundi, haitumii eksirei hata kidogo, ni sauti tu isiyosikika kwa masikio. Wasiichanganye.

Sasa juu ya kununua mashine. Jibu letu ni hapana. Mashine ya eksirei inatakiwa kuwa na leseni ya mamlaka ya nyuklia ya nchi, KNRA, na mwendeshaji aliyesomea. Ikiharibika hakuna fundi wa sokoni. Na picha isiyofuatwa na kipimo cha makohozi na dawa haina faida, ni kumwachia mtu wasiwasi. Pesa za kikundi zitafanya kazi zaidi mkiziweka kwa nauli ya wale watakaoitwa kurudi hospitali, kwa maana hapo ndipo watu wengi hupotea. Tena jihadharini na wale wanaozunguka na kompyuta ndogo, ukashika kichuma mkononi, ikakutajia magonjwa yako yote kuanzia ini mpaka figo, kisha unauziwa dawa papo hapo. Hiyo si eksirei, na hatujui sayansi yoyote inayoiunga mkono.

Siku yenyewe ya hema, akina mama waje na leso ya kujifunga, na kuwe na mahali pa faragha pa kubadilisha nguo, maana mkufu, shanga na vyuma vya sidiria huonekana kwenye picha. Nywele ndefu za kusuka zifungwe juu, la sivyo zitaweka vivuli kwenye mapafu. Utaambiwa uvute pumzi na kuishika kidogo. Ukitikisika picha inaharibika.

Chagueni watu wawili waaminifu wa kuwakumbusha walioitwa kupimwa makohozi, watu wasiopeleka maneno. Atakayekutwa na TB atapewa dawa bure katika kituo cha serikali, na kwa TB ya kawaida atazimeza miezi sita bila kukatiza. Waliokuwa wakilala naye nyumba moja wapimwe pia, na watoto wadogo wapelekwe kituoni hata kama hema lilipokea watu wazima tu. Kabla ya kuondoka, kila mmoja aandikiwe tarehe, mahali na matokeo yake kwenye kadi au daftari, kwa sababu picha zenyewe siku hizi hubaki ndani ya kompyuta, na daktari atakayekuona mwaka ujao atataka kulinganisha.