Kamera ya Kwanza na Lenzi Yake
Katika kamera ya DSLR, mwanga hupita kwenye lenzi, ukagonga kioo kidogo na kuakisiwa hadi kwenye jicho la mpigapicha. Wanunuzi wapya huhesabu megapikseli, kumbe lenzi ndiyo yenye uzito zaidi. Ile ya milimita 18 hadi 55, inayouzwa pamoja na kamera nyingi, hutosha kwa mandhari na familia, lakini ukumbini penye taa hafifu huzidiwa. Hapo hufaa ya milimita 50 yenye tundu pana la f/1.8, tena ni ya bei nafuu. Lakini si kila lenzi hujilenga kwenye kila kamera: Nikon D3500, kwa mfano, haina mota ya kulenga ndani yake, hivyo lenzi za zamani zisizo na mota hulengwa kwa mkono. Lenzi iliyotumika imulikwe kwa tochi kabla ya kulipiwa: ukungu huota ndani ya vioo.