Krismasi hii, shuka ushago na peremende zako mwenyewe

Umetoka barabara ya Mombasa pale Salama, matatu inapanda milima ya Kilungu. Mfuko umetoboka na watoto wa boma wanangoja zawadi. Tulia. Njugu karanga na chokoleti kidogo zitakuokoa.

Kwanza chambua njugu moja moja. Usicheke: mwaka 2004 sumukuvu kwenye mahindi iliua watu 125, wengi wao Makueni na Kitui. Njugu nazo hushikwa na sumu hiyo, na kukaanga hakuimalizi. Yenye ukungu, iliyosinyaa au kugeuka rangi, tupa. Usimpe hata kuku.

Zilizobaki kaanga bila mafuta kwa moto mdogo, pukuta maganda, saga mpaka zitoe mafuta yake. Kwa kila kikombe cha siagi hiyo, changanya kikombe kimoja cha sukari ya unga na chumvi kiasi cha kubana kwa vidole. Ikinata mkononi, ongeza sukari. Viringisha vidonge, uviache vipoe vishikane.

Sasa chokoleti. Ikatekate kwenye bakuli kavu, weka juu ya sufuria ya maji ya moto, koroga taratibu. Tone moja la maji likiingia, inaganda kama matope. Chovya kidonge kwa uma, panga kwenye karatasi iliyopakwa mafuta.

Huna friji? Vifunike usiku, baridi ya Kilungu itafanya kazi. Kabla ya kugawa, uliza nani hudhurika na njugu. Halafu cha kwanza mpe shosho.