Pareto, utupa na kantangaze: nyanya za nyumbani Njombe na Makambako

Adui mkubwa wa nyanya za bustanini ni kantangaze, nondo mdogo wa kijivu ambaye wataalamu humwita Tuta absoluta. Asili yake ni Amerika Kusini. Alionekana Hispania mwaka 2006, na mwaka 2014 akagundulika kaskazini mwa Tanzania. Jike mmoja anaweza kutaga mayai hadi 260, na viwavi wake hujichimbia ndani ya jani, ambako dawa nyingi za kupuliza haziwafikii.

Kumtambua si kazi ngumu. Jani lenye mabaka mapana meupe likiinuliwa kuelekea juani, ndani huonekana kiwavi wa kijani asiyezidi sentimita 1, na kinyesi chake cheusi kimerundikana pembeni. Mstari mwembamba unaopindapinda ni wa mdudu mwingine, na kwa kawaida madhara yake ni madogo.

Baridi ya Njombe humsaidia mkulima. Kwenye nyuzi joto 27 kantangaze hukua kutoka yai hadi nondo kwa siku zipatazo 24. Kwenye nyuzi 14 huchukua takriban siku 76. Kwa hiyo usafi wa bustani unaofanywa Juni na Julai unalipa kuliko dawa ya Novemba, joto linapopanda. Makambako, ambako ni chini kidogo na kuna joto zaidi, nafasi hiyo ni fupi. Majani na matunda yaliyotobolewa hufungwa ndani ya mfuko wa plastiki na kuanikwa juani hadi viwavi wafe. Kuyatupa pembeni ya shamba ni kumhamisha mdudu tu. Mnavu unaojiotea nao ung'olewe, kwa sababu kantangaze huishi humo, na pia kwenye viazi mviringo, zao ambalo Njombe halikosekani.

Kuhusu dawa, vitabu vingi husifu mwarobaini. Ushauri huo unawafaa zaidi watu wa Dodoma, kwa kuwa mti huo hupenda joto. Nyanda za Juu Kusini zina pareto, na kiwanda chake kiko Mafinga. Maua yaliyokaushwa husagwa, hulowekwa kwenye maji yenye sabuni kidogo, kisha huchujwa. Hupulizwa jioni kwa sababu mbili: jua huivunja dawa hiyo upesi, na nyuki wanakuwa wamesharudi mizingani. Inaua vidukari na inzi weupe wanaoguswa nayo, hivyo mgongo wa jani usisahaulike. Kiwavi aliyekwisha kuingia ndani ya jani haimpati.

Utupa nao hustawi huku. Majani yake hutwangwa, hulowekwa usiku kucha na kupulizwa. Ila ni sumu kali kwa samaki. Ndiyo maana wavuvi wa zamani waliutumia. Ndoo na bomba visioshewe mto Ruhuji wala kijito chochote.

Sota, anayekata miche usiku, hahitaji dawa. Asubuhi udongo ukifukuliwa kwa kidole kando ya mche ulioanguka, hukutwa amejikunja.

Majani yanayogeuka kahawia kwa kasi wakati wa mvua na ukungu mara nyingi yana bakajani chelewa. Huo ni ugonjwa, si mdudu, na pareto haiutibu.