Oili ya usukani ilipomwagika uani

KAHAMA. Jumapili ile mume wangu alishinda chini ya Noah yetu. Kesho yake alikuwa anarudi mgodini, na mpira wa kurudisha oili ya usukani ulikuwa umepasuka tangu tulipotoka msibani Geita. Akafunga mpira mpya, akajaza oili, akawasha gari, akanawa mikono. "Imepona hiyo," akasema. Alfajiri basi la kazini likamchukua.

Saa 12 na nusu asubuhi nikapakia watoto watatu kwenda shule. Kona ya kwanza tu, usukani ukawa mzito kama wa trekta, na chini ya boneti kukasikika mlio wa kukoroma. Bodaboda akanikatiza. Nilimkwepa kwa mikono miwili na bega. Huko nyuma watoto walikuwa wanaimba, hawajui lolote. Nikageuza kurudi nyumbani polepole, wao wakapanda bajaji.

Fundi wa mtaani kwetu ni mzee wa Kisukuma asiye na maneno mengi. Alifungua boneti, akachungulia kikopo cha oili. Chini kabisa kulikuwa na povu.

"Mayu, oili hii hailiwi kama petroli," akaniambia. "Ikipungua, ujue imevuja."

Akapitisha kidole kwenye mpira mpya. Kote ulikuwa mkavu, ila mwishoni palilowa na vumbi letu jekundu lilikuwa limeshaganda hapo. Klipu haikukazwa vizuri. Hilo lilikuwa kosa la kwanza. La pili ni hewa. Mpira ukifunguliwa, hewa huingia kwenye mfumo. Ukijaza kikopo na kuwasha gari papo hapo, pampu inachanganya hewa na oili, inatoka povu, na povu halina nguvu ya kusukuma usukani. Hewa ikishatoka, kiwango kinashuka tena. Anayejaza mara moja na kuondoka anadhani kamaliza. Pampu ikiendelea kuzunguka bila oili, inakufa, na bei yake si ya klipu.

Mzee alikaza klipu, akafuta vumbi kwenye mfuniko kabla ya kuufungua ili lisiingie ndani, akajaza hadi alama. Akapiga jeki tairi zote mbili za mbele zikaning'inia, akaweka stendi (mawe na matofali si stendi, na watoto wakae mbali). Gari likiwa limezimwa, akaniambia nizungushe usukani taratibu hadi mwisho wa kushoto, kisha mwisho wa kulia, tena na tena. Nilizungusha kama mara 20, yeye akiongeza oili kila iliposhuka. Povu lilipokwisha akawasha, tukarudia, bila kuushikilia usukani pale unapogota. Mkoromo ukapotea. Tukangoja, tukaangalia kiwango tena, tukachungulia chini. Pakavu.

Kama gari lako ni IST au Vitz, usihangaike kutafuta kikopo. Usukani wake unasaidiwa na umeme, na ukiwa mgumu unahitaji fundi wa umeme.

Kuhusu oili, soma mfuniko wa kikopo au kitabu cha gari. Toyota nyingi za zamani zinatumia oili nyekundu ya gia za otomatiki, ile Dexron. Kijana wangu mkubwa, aliyekuwa anamshikia baba yake tochi, alinikiri kuwa walipopungukiwa walitaka kumalizia na mafuta ya breki yaliyokuwa stoo. Nashukuru hawakuyamimina. Mafuta ya breki yanaharibu raba za pampu ya usukani. Kinyume chake ndiyo balaa zaidi: oili nyekundu ikiingia kwenye kikopo cha breki, raba zinavimba na breki zinaweza kukuacha njiani.

Nilidhani yamekwisha. Niliporudi jikoni nikamkuta wetu wa mwisho, wa miaka mitatu, ameshika chupa ya soda yenye kitu chekundu, anahangaika na kizibo. Ni oili iliyobaki, baba yake aliihifadhi chini ya meza. Nilimpokonya hadi akalia. Mtoto akiinywa usimtapishe, wala usimpe maziwa kwa nguvu, maana hatari kubwa ni oili kupita kwenye mapafu. Kimbia naye kituo cha afya pamoja na hiyo chupa, wajue amekunywa nini. Iliyobaki ikae kwenye kopo lake, juu, panapofungwa.

Pale uani nilimwaga pumba za mpunga, ambazo huku kwetu hazikosekani, zikanyonya dimbwi lote. Nilizizoa kwenye mfuko mbali na kuku na bustani ya mchicha, fundi akaondoka nazo kwenda kuzitupa pamoja na taka za gereji.

Jioni mume wangu akapiga simu. "Gari linaendaje?"

Nikamwambia aanze kwanza kuuliza watoto walifikaje shule.