Je, Wajua? Droni Inaweza Kuamriwa kwa Mwili

Je, wajua kwamba droni zilizopiga picha za ramani ya Zanzibar kuanzia mwaka 2016 ziliwashwa kwa kutikiswa? Ni ndege ndogo aina ya eBee, zilizoundwa Uswisi, zisizofika hata kilo moja. Mrushaji huishika kwa mikono yake, huitikisa mara tatu, vihisi vya ndani vikaitambua ishara na mota ikaanza kuzunguka. Kisha huirusha hewani, nayo hufuata njia iliyopangwa kwenye kompyuta. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walikuwa miongoni mwa waliojifunza kazi hiyo.

Je, wajua kwamba mtu asiyewahi kurusha droni hujua tayari namna ya kuiamuru? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichapisha jaribio lao mwaka 2015. Waliwaambia watu waiite droni, waisimamishe, waielekeze, kila mmoja kwa njia inayomjia. Droni yenyewe haikuelewa kitu. Kulikuwa na mrushaji aliyeiendesha kwa kufuata ishara za mhusika. Wengi waliichukulia kama mtu au mnyama wa kufugwa: wakaipungia mkono ije, wakaiwekea kiganja isimame.

Utafiti wa namna hiyo ulifanywa pia kwa washiriki wa China, ukachapishwa mwaka 2017, na athari za utamaduni zikaonekana. Hapa ndipo jambo linapotuhusu. Pwani yetu, mtu humwita mwenziwe kwa kuelekeza kiganja chini na kukunja vidole. Kumwita mtu mzima kwa kidole kimoja kilichoelekezwa juu ni kumvunjia heshima. Droni iliyofunzwa ishara za Wamarekani pekee inaweza kuuona mkono wa Mswahili unaosema "njoo", ikashuka chini au ikaenda zake. Kwangu mimi hilo ni kosa la mashine, wala si la mwenye mkono.

Je, wajua kwamba kuna koti la kurushia droni? Lilitoka mwaka 2018 katika maabara ya Profesa Dario Floreano, chuo cha EPFL, Lausanne, Uswisi. Anayelivaa hutandaza mikono kama mbawa na kuvaa miwani inayomwonyesha kile kinachoonwa na kamera ya droni. Akiinama mbele, droni inashuka. Akilalia upande, inakata kona. Koti lina vishikizo vya kuegemeza mikono isichoke. Mwaka huohuo watafiti wa chuo hicho walionyesha kwamba kuongoza kwa kiwiliwili hueleweka upesi kuliko kutumia vijiti vya kuongozea.

Roboti za viwandani nazo huamriwa kwa mwili. Mkono wa roboti wa kampuni ya Universal Robots ya Denmark hufundishwa kazi kwa kushikwa na kusogezwa: fundi huupeleka anapotaka, nao huikumbuka njia.

Kwa hiyo, enyi wanafunzi wa uhandisi wa Dar es Salaam, Nairobi na Zanzibar, zirekodini ishara za mikono za wazee wenu, wavuvi wenu na wakulima wenu, mzifundishe mashine mnazounda. Zikifika shambani au ufukweni, ziwe tayari zinaelewa adabu ya hapo.