Bei ya shamba yategemea kura: mfano wa Loudoun, Virginia

Katika masoko ya ardhi yaliyo kandokando ya miji inayokua, bei ya ekari moja haitokani na rutuba ya udongo wala mvua peke yake. Hutokana zaidi na idadi ya nyumba ambazo sheria inaruhusu zijengwe juu ya ekari hiyo, na sheria yenyewe hutungwa na watu wachache waliochaguliwa na wakazi wa hapo hapo. Mfanyabiashara wa Nairobi aliyeshuhudia mibuni ya Kiambu ikigeuka mitaa ya nyumba anaifahamu hali hii. Kisichofahamika sana ni jinsi wakazi wanavyoweza kugombea viti vya baraza kwa nia moja tu ya kuzuia mashamba yasikatwe viwanja, na jinsi mwenye fedha zake katika ardhi anavyoathirika wanaposhinda, na pia wanaposhindwa.

Mfano ulio wazi kuliko mingi ni wa kaunti ya Loudoun, kaskazini mwa jimbo la Virginia nchini Marekani, kiasi cha maili 30 kutoka mji mkuu wa Washington. Mashariki ya kaunti hiyo kuna uwanja wa ndege wa Dulles, uliofunguliwa mwaka 1962. Magharibi, kuelekea milima ya Blue Ridge, ni nchi ya majani, ng'ombe, farasi na, katika miaka ya karibuni, mizabibu. Sensa ya mwaka 1990 ilihesabu watu 86,129. Ile ya mwaka 2000 ilihesabu 169,599. Hadi kufikia mwaka 2020 walikuwa 420,959.

Ongezeko kama hilo ni neema kwa mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Kwa hazina ya kaunti ni mzigo. Huko Marekani kaunti hutegemea sana kodi ya majengo na ardhi, na fedha nyingi za kodi hiyo huishia kwenye shule. Nyumba moja yenye watoto wawili hugharimu mafungu ya shule, zimamoto na polisi kuliko kodi inayotoa, ilhali ng'ombe hawaendi shule. Kwa hiyo kila shamba lililogeuka mtaa liliwaongezea kodi majirani, na barabara zikajaa magari. Jambo la kuchekesha kidogo ni kwamba wengi waliolalamika kwa sauti kubwa ni wale waliokuwa wamenunua nyumba katika mitaa hiyo mipya miaka michache tu nyuma.

Baraza la Loudoun lina viti tisa: mwenyekiti anayechaguliwa na kaunti nzima, na madiwani wanane wa maeneo. Wote huchaguliwa siku moja kwa kipindi cha miaka minne, katika mwaka ambao hakuna uchaguzi wa rais, na kwa sababu hiyo wanaojitokeza kupiga kura huwa wachache. Masharti ya kugombea si mazito. Mgombea awe mkazi na mpiga kura aliyeandikishwa, na akusanye saini 125 za wapiga kura. Kilicho kizito ni gharama ya kampeni, maana jimbo la Virginia halikuwa limeweka kikomo cha michango, na waliokuwa na faida ya kuchangia zaidi ni makampuni ya kujenga nyumba.

Ndipo kikaundwa kikundi kilichojiita Voters to Stop Sprawl. Hakikuwa chama cha siasa. Kilichagua wagombea kutoka Republican, Democrat na wasio na chama, ilimradi waahidi kupunguza kasi ya ujenzi. Katika uchaguzi wa Novemba 1999 wagombea wanane waliopewa baraka na kikundi hicho walishinda wote, na baraza likawa mikononi mwao. Kiti cha mwenyekiti kilikwenda kwa Scott York, aliyekikalia hadi mwisho wa mwaka 2015.

Kushinda kulikuwa ndiyo sehemu rahisi. Virginia hufuata kanuni ya Dillon, ambayo maana yake ni kwamba baraza la kaunti lina madaraka yale tu liliyopewa na bunge la jimbo, wala si zaidi. Madiwani hawawezi kumkatalia mtu ujenzi kwa kuwa hawapendi majengo. Wanachoweza kufanya ni kuandika mpango wa matumizi ya ardhi, kisha kubadili kanuni za ukubwa wa kiwanja. Mpango mpya ulipitishwa mwaka 2001, na kanuni zenyewe Januari 2003. Kabla ya hapo, sehemu kubwa ya magharibi iliruhusiwa nyumba moja kwa kila ekari tatu. Baada ya hapo ilikuwa nyumba moja kwa ekari 10, 20 au 50, kutegemea eneo na jinsi nyumba zilivyopangwa.

Hesabu yake ni nyepesi. Shamba la ekari 300 lingeweza kutoa viwanja 100 kwa kanuni ya zamani. Kwa ekari 20 kwa nyumba, vinabaki 15. Kwa ekari 50, ni sita tu. Udongo ni ule ule na ua ni ule ule, ila mwenye mali amelala tajiri na kuamka akiwa mtu wa kawaida.

Hapa ndipo penye mgogoro ambao wanaotetea mashamba mara nyingi huupitia haraka mno. Mkulima wa maziwa mwenye umri wa miaka 65 hana pensheni ya kampuni. Pensheni yake ni ile ardhi. Kwa miaka mingi benki ilimkopesha fedha za mbegu na mitambo kwa dhamana ya thamani ya shamba, na thamani hiyo ilihesabiwa kwa bei ya viwanja wala si kwa bei ya nyasi. Kanuni inapobadilika, dhamana inapungua, na mkopo unaweza kuwa mgumu kupatikana katika mwaka ambao maziwa hayalipi. Watoto wake nao wamekwisha kwenda kufanya kazi Washington. Ndiyo maana miongoni mwa waliopinga kanuni za 2003 walikuwemo wakulima wenyewe, waliosema kuwa watu wa mitaa mipya wanataka mandhari ya bure kwa gharama ya jirani. Hoja hiyo ina uzito wake. Lakini upande wa pili una hoja pia: thamani ya viwanja haikuletwa na jembe la mtu huyo, bali na barabara, mabomba na shule zilizojengwa kwa kodi ya wote.

Makumi ya kesi yalifunguliwa mahakamani. Katika uchaguzi wa Novemba 2003 mambo yaligeuka: wagombea sita wa Republican, wengi wao wakitaka ujenzi uendelee, walichukua wingi wa viti. York alishinda akiwa hana chama, lakini Januari 2004 wenzake walimpunguzia madaraka ya mwenyekiti katika kikao cha kwanza. Mradi wa kaunti wa kununua haki za ujenzi kutoka kwa wakulima, uliokuwa ukiwalipa fedha taslimu ili wabaki kulima, nao ulifutwa.

Pigo kubwa lilikuja tarehe 3 Machi 2005. Mahakama Kuu ya Virginia, katika kesi ya Gas Mart Corporation dhidi ya baraza la Loudoun, ilizitengua kanuni za magharibi. Haikusema kwamba ekari 50 kwa nyumba ni dhuluma, wala haikusema kwamba baraza halina madaraka ya kupanga hivyo. Ilisema kuwa tangazo la gazetini halikueleza vya kutosha kilichokuwa kikipendekezwa. Sheria ya jimbo inataka kila badiliko la kanuni litangazwe mapema, likiwa na muhtasari unaomwezesha mwenye ardhi kujua kama linamhusu. Tangazo la Loudoun halikutimiza sharti hilo, na kazi ya miaka mitatu ya baraza, pamoja na kura za maelfu ya watu, ikaanguka kwa ajili ya aya chache za gazeti. Ekari tatu kwa nyumba zikarudi.

Wenye makampuni ya ujenzi hawakupoteza muda, kwani mtu aliyekwisha kupata idhini ya viwanja chini ya kanuni ya zamani huwa na haki inayolindwa hata kanuni ikibadilika baadaye. Kwa mnunuzi, kipindi hicho kati ya 2005 na 2006 kilikuwa na bei za namna mbili katika barabara moja: shamba lenye idhini mkononi, na shamba la jirani lililokuwa likisubiri.

Desemba 2006 baraza lilipitisha kanuni nyingine, safari hii kwa matangazo yaliyopangwa kwa uangalifu. Magharibi iligawanywa maeneo mawili: AR-1, ambalo msingi wake ni ekari 20 kwa nyumba, na AR-2, ekari 40, huku nyumba zaidi zikiruhusiwa iwapo zitakusanywa pamoja na kuacha shamba lililobaki wazi. Kanuni hizo hazikupitishwa na mashujaa wa mwaka 1999. Zilipitishwa na baraza lile lililowaondoa, baada ya wakazi kujaza vikao na madiwani kuona uchaguzi wa 2007 ukikaribia. Na ndizo zilizodumu.

Kwa mwekezaji, tofauti kati ya ulinzi wa kura na ulinzi wa hati ni jambo la fedha. Kanuni ya baraza inaweza kubadilishwa na baraza jingine. Hati ya hifadhi haibadilishwi na diwani yeyote: mwenye shamba anaachia haki ya kujenga milele, na sharti hilo linaandikwa kwenye hati ya ardhi na kumfunga kila atakayelinunua baadaye. Virginia ilianza mwaka 2000 kuwalipa wanaofanya hivyo kwa punguzo la kodi ya mapato. Tangu mwaka 2007 punguzo hilo ni asilimia 40 ya thamani ya haki iliyoachiwa. Mkulima aliyeachia haki yenye thamani ya dola milioni moja anapata punguzo la dola 400,000, na kwa kuwa kipato chake hakitoshi kulitumia lote, sheria inamruhusu kuliuza kwa mlipa kodi mwingine. Hivyo soko la punguzo hizi likazaliwa, ambamo mwanasheria wa Richmond hununua kwa bei pungufu kidogo na mkulima hupata fedha mkononi. Jimbo limeweka kikomo cha jumla kwa mwaka, kwa hiyo wanaochelewa husubiri.

Vilevile kuna kodi ya ardhi inayohesabiwa kwa matumizi ya kilimo badala ya bei ya soko. Aliyenunua shamba ili alikalie kwa miaka michache akisubiri bei hufurahia kodi hiyo ndogo, kisha siku anapobadili matumizi hudaiwa tofauti ya mwaka huo na ya miaka mitano iliyotangulia. Wengi husahau kuiweka katika hesabu.

Katika miaka ya karibuni adui wa shamba si nyumba tena. Mashariki ya Loudoun, hasa Ashburn, imekuwa na vituo vya kutunzia data vingi kuliko mahali popote duniani, na ekari inayofaa kwa kituo kama hicho imeuzwa kwa zaidi ya dola milioni mbili. Vituo havina watoto wa kupeleka shule na hulipa kodi ya mamia ya mamilioni ya dola kwa mwaka, kwa hiyo hesabu iliyowapa ushindi wapinzani wa ujenzi mwaka 1999 imepinduka. Sasa kelele ni za nguzo za umeme, mitambo inayounguruma na maji.

Jirani yao, kaunti ya Prince William, ameonyesha jinsi mchezo unavyojirudia. Mwenyekiti wa baraza, Ann Wheeler, aliyeunga mkono mradi wa Digital Gateway wenye ekari zipatazo 2,100 karibu na uwanja wa vita wa Manassas, alishindwa na Deshundra Jefferson katika kura ya mchujo ya chama chake Juni 2023. Baraza lililokuwa likimaliza muda wake lilipitisha mradi huo Desemba 2023, wiki chache kabla ya kuondoka. Wengi wa wenye ardhi ya hapo walitaka kuuza. Agosti 2025 jaji wa kaunti alibatilisha idhini hiyo, na sababu ilikuwa ile ile ya mwaka 2005: tangazo halikutolewa gazetini kama sheria inavyotaka.

Anayenunua ardhi katika maeneo kama haya hutazama kwanza kama kuna hati ya hifadhi, kisha eneo limo katika kanuni gani, kisha kama idhini iliyopo ilitangazwa sawasawa na kama siku 30 za kuipinga mahakamani zimekwisha kupita. Ramani ya udongo huja baadaye. Huko Loudoun, Machi 2025 baraza liliondoa haki ya kujenga vituo vya data moja kwa moja, na kila ombi jipya sasa hupitia kikao cha hadhara na kura ya madiwani. Viti vyote tisa vinarudi kwa wapiga kura Novemba 2027.