Kwa Nini Penseli Haikubali Kuwa Nyeusi

Msomaji wetu mmoja wa Tanga, ambaye shughuli yake ya mchana ni uhasibu na kuchora ndiyo faraja yake ya jioni, ametuandikia kuuliza jambo ambalo kwa juujuu ni dogo, walakini ndani yake limebeba sehemu kubwa ya elimu ya nuru. Alikuwa akichora sura ya bibi yake kwa kutazama picha ya zamani. Uso ukamjia vyema, mikono ikamjia vyema, lakini buibui, ambalo katika picha ile ni jeusi tititi, kwenye karatasi yake lilitoka la kijivu, na kila alipozidi kulikandamiza kwa penseli ya 8B lilizidi kumeta, hata akiinamisha karatasi chini ya taa nguo ya bibi ikawa na mng'ao wa metali. Auliza kama penseli yake ni ya bandia, au mkono wake ndio wenye taksiri.

Penseli si ya bandia, wala mkono hauna taksiri. Sina nia ya kueleza hapa jinsi ya kushika penseli, wala tafauti ya kila daraja tangu 9H mpaka 9B, maana hayo yamo katika kila kijitabu cha wanafunzi wa kuchora na anayeyataka atayapata huko. Ninalotaka kulieleza, kwa kuwa vijitabu hivyo hulipita mbio ilhali ndilo lenye ladha kuliko yote, ni kwamba weusi si mali ya kitu kilichopakwa peke yake, bali ni hali inayotokea nuru inapoingia mahali ikakosa njia ya kutokea.

Kwanza tuafikiane juu ya jina. Wazee wetu walikiita chombo hiki kalamu ya risasi, na ndani yake hamna risasi hata chembe. Kosa halikuanza kwetu: katika karne ya 16, huko Borrowdale kaskazini-magharibi mwa Uingereza, watu walipokuta jiwe jeusi laini lenye kuacha alama kila lilipogusa, walilidhania kuwa ni jamii ya risasi, na dhana hiyo ilidumu hata mwaka 1779, alipotokea mkemia Carl Wilhelm Scheele, aliyekuwa akifanya kazi yake Sweden, akabainisha kwamba jiwe lile ni kaboni, ndugu wa makaa tunayopikia. Siku hizi wako waandikao grafiti, nami silipendi neno hilo kwa sababu michoro ya kuta za mijini nayo yaitwa vivyo hivyo, na makala juu ya kuchora haiwezi kustahimili utatanishi wa namna hiyo. Tunalo neno kinywe, ambalo Watanzania hulisikia kila ijapo habari ya migodi ya Mahenge na Ruangwa, na ambalo ni fupi, jepesi ulimini, na halina ubia na kitu kingine. Basi kinywe ndilo nitakaloshika.

Sasa tuingie ndani ya kinywe chenyewe. Kila atomu ya kaboni humo imeshikana na jirani zake 3, na mshikamano huo hufanya pembe sita, na pembe sita huungana na pembe sita nyingine mpaka likatandaa tabaka pana lenye unene wa atomu moja. Kisha tabaka juu ya tabaka, pasipo kufungamana, kama alivyobainisha mwanasayansi J. D. Bernal mwaka 1924 kwa kutumia mionzi ya eksirei. Anayetaka kuiona hali hii kwa macho aingie katika duka la mikeka. Mkeka mmoja ni kitu imara: ukindu umesukwa ukawa ukili, ukili umeshonwa kwa ukili, na watu wawili wakiuvuta huku na huku hauchaniki upesi. Lakini katika rundo la mikeka hamsini hakuna uzi unaoushona wa juu kwa wa chini; yote imekaa kwa kulaliana tu, na mwenye duka akitaka kuutoa wa juu huusukuma kwa kiganja ukateleza. Ndivyo kilivyo kinywe. Kifungo cha atomu na atomu ndani ya tabaka moja ni kifupi na chenye nguvu kupita hata kile cha almasi, ilhali kati ya tabaka na tabaka mna mwanya wa nanomita 0.335 na mvuto dhaifu, na kwa kipimo hicho kipande cha kinywe chenye unene wa milimita 1 kina mikeka karibu milioni 3.

Unapopitisha penseli juu ya karatasi, nyuzi za karatasi, ambazo machoni pa darubini ni milima na mabonde na ambazo wachoraji huziita meno, huukwaruza ule mrundo na kuondoka na mafungu ya mikeka. Mstari wako wa kwanza, uliouchora kwa mkono mwepesi, una mafungu yaliyoanguka ovyo: mengine yamelala, mengine yameegemea, mengine yamesimama kwa upande katika mabonde. Lakini ukipita mara ya pili na ya tatu, ukakandamiza, ukasugua kwa kidole au kwa kipande cha karatasi iliyoviringwa, mikeka ile, kwa kuwa tabia yake ni kuteleza, huanza kutandazwa mmoja baada ya mwingine, yote ikilala chali na kuelekea juu, mpaka mabonde yamejaa, milima imelazwa, na ukumbi mzima umetandikwa pasipo ufa. 

Tazama nini huipata nuru ikifika katika ukumbi uliotandikwa hivyo. Atomu ya kaboni ina elektroni 4 za kufungia. 3 zimefunga jirani, na ya 4 hubaki huru, ikizurura katika tabaka lote. Elektroni hizo huru ndizo zipitishazo umeme ndani ya kinywe, nazo ndizo ziipokeazo nuru, zikaimeza kwa sehemu na kuirudisha kwa sehemu, kwa kanuni ile ile iipayo metali mng'ao wake. Tabaka moja peke yake, ambalo Andre Geim na Konstantin Novoselov wa Chuo Kikuu cha Manchester walilibandua kwa utepe wa gundi wakatangaza habari zake mwaka 2004, na kwa sababu yake wakapewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2010, humeza asilimia 2.3 ya nuru ipitayo ndani yake. Nalitafakari jambo hili kila mara kwa mshangao ule ule: kitu ambacho unene wake ni atomu moja, ambacho hakuna chembamba zaidi yake katika jamii yake, tayari kina kivuli. Yamkini mtu akadhani, basi, kwamba akirundika tabaka za kutosha atapata weusi kamili. Sivyo, maana uso wa juu ukisha kuwa sawa na laini huirudisha sehemu ya nuru kabla haijazama, na kwa kuwa mikeka yote imeelekea upande mmoja, nuru hiyo huondoka kwa pamoja na kumpiga mtazamaji machoni.

Linganisha kinywe hicho na makaa ya kuchorea, ambayo ni kaboni vile vile, lakini mikeka yake ni vipande vidogo vilivyochanika, vilivyokunjika, vilivyosokomezwa kapuni kila kimoja kwa upande wake. Fauka ya hayo, kijiti kilichochomwa katika chombo kilichofunikwa, pasipo hewa ya kukiteketeza, huhifadhi mirija ile ile iliyokuwa ikipandisha maji mti ulipokuwa hai. Nuru ikiingia humo hugonga ukuta, hutupwa kwenye ukuta mwingine, na kila ukuta huchukua fungu lake; hata pale ambapo ingetoka haina tena cha kutoka nacho. Weusi wa makaa ndio huo. Penseli na makaa ni kitu kimoja kwa asili, na kinachovitenga ni mpango tu.

Hapa ndipo inapodhihirika kwa nini 8B, iliyo laini, ilimtesa ndugu yetu zaidi kuliko ambavyo HB, iliyo ngumu kuliko hiyo, ingemtesa. Mwaka 1795, Ufaransa ikiwa vitani na Uingereza na kinywe cha Borrowdale kikiwa hakipatikani, Nicolas-Jacques Conté alipata hataza ya njia ya kusaga kinywe kuwa unga, kukichanganya na udongo wa mfinyanzi, na kuuchoma mchanganyiko huo tanuruni. Kwa maoni yangu mtu huyu amewafaa wachoraji kuliko wachoraji wengi mashuhuri walivyowafaa. Udongo ukizidi, penseli huwa ngumu na mstari wake hafifu. Kinywe kikizidi, huwa laini na mstari wake mweusi. Lakini penseli laini ndiyo yenye mikeka mingi zaidi ya kutandazika, na udongo mchache zaidi wa kuizuia isilale sawa, kwa hiyo ile ile inayoahidi weusi ndiyo inayometa upesi ikikandamizwa.

Mchoraji Georges Seurat, katika miaka ya 1880, alichora kwa chaki nyeusi iitwayo kwa jina la Conté juu ya karatasi ya Michallet, ambayo ina meno makubwa yanayoonekana kwa macho matupu, naye hakuifanyia karatasi hiyo ukatili. Aliipitisha chaki juu ya vilele tu, akayaacha mabonde meupe, na jicho la mtazamaji likachanganya weusi na weupe huo kuwa kijivu chenye pumzi. Alipotaka giza, alirudia na kurudia mpaka mabonde nayo yakapata sehemu yao. Hakuna somo bora kuliko hilo kwa mwenye kutumia penseli. Meno ya karatasi yakisha kuvunjwa hayaoti tena, na ufutio, hata ule laini wa kukandwa mkononi, huondoa kinywe lakini hauinui nyuzi zilizolala.

Kwa buibui la bibi, basi, ushauri wangu ni karatasi mpya yenye meno, na nguo yote ichorwe kwa makaa au kwa penseli ya kaboni, ambayo masizi au unga wa makaa umechukua mahali pa kinywe, kabla penseli ya kawaida haijagusa sehemu hiyo. Maana makaa yakiletwa juu ya kinywe kilichosuguliwa hayana pa kushika, huteleza yakamwagika. Uso na mikono viachiwe kinywe, kwa kuwa ulaini wake wafaa ngozi. Asiyetaka kununua makaa aweza kuyachoma mwenyewe: Ulaya hupenda vijiti vya mierebi na mizabibu, lakini kijiti chochote chepesi, kikavu, kisicho na utomvu chafaa kujaribiwa, kikafungwa katika kopo lenye tundu dogo la kutolea moshi, na kopo likakaa katika moto mpaka moshi ukome, kisha lisifunguliwe mpaka lipoe kabisa.

Mchoro wa makaa hautulii mpaka upuliziwe dawa ya kugandisha. Ipulizwe nje au penye hewa tele, kwa umbali wa mkono ulionyooshwa, kwa safu nyembamba na kuacha kila safu ikauke. Kwani ikimwagika nzito huyafunika yale matundu kwa utando laini, na mng'ao tulioukimbia hurudi kupitia utando huo.